Jina si Lazima

Lalamiko la arobaini na moja liliingia Jumatatu saa nne asubuhi. "Kitufe cha kijani kilikuwa kulia, mmekipeleka kushoto. Kiliwakosea nini?"

Mbunifu wa tovuti alilisoma mara mbili, akakirudisha kitufe kulia, kisha akajibu: "Mpendwa mwananchi, umesema kweli. Tumerekebisha."

Kazi yake ilikuwa kurahisisha fomu za serikali. Kwa miaka tisa alikuwa akifuta maswali yasiyo na maana, akikuza maandishi, akiondoa maneno yanayowatisha watu. Kwenye ukurasa wa kuombea vyeti vya kuzaliwa, sehemu ya malalamiko, ni yeye aliyeandika "Jina si lazima". Watu huogopa kulalamika wakijulikana.

Kwa hiyo hakuna aliyemjua mlalamikaji huyu. Mfumo haukuonyesha namba, ila tu kwamba ujumbe wote ulitoka kwenye simu moja. Ofisini walimwita Mkaguzi.

Mkaguzi hakuwa na mchezo. "Maandishi ya kijivu juu ya weupe. Mnataka tusome au tupapase?" Au: "Mmeniambia nimekosea. Nimekosea wapi? Semeni." Kila mara alikuwa sahihi. Mbunifu alirekebisha kimoja kimoja, na watu waliokuwa wakiitelekeza fomu katikati wakapungua kwa nusu.

Halafu malalamiko yakaanza kuchepuka. "Ukurasa umebadilika saa saba na nusu mchana. Fundi wenu hali chakula?" Mbunifu alijibu kwamba fundi, yaani yeye mwenyewe, anakula, ila palepale mezani pake. Wiki moja aliomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Fundi alikuwa na mafua. Jibu lilirudi ndani ya dakika kumi: "Asikae mbele ya feni."

Mkurugenzi hakufurahishwa hata kidogo.

"Mtu gani anaomba cheti cha kuzaliwa miezi minane?" alisema. "Huyo katumwa na watu wanaoitaka kazi yetu. Mfungie."

"Bosi, hatuna mtumiaji bora kuliko yeye. Tumwite, tumhoji."

"Mwite. Ila ikija kuonekana katumwa, mkataba wako mpya siusaini."

Katibu muhtasi, aliyesikia yote kwa sababu mlango wa mkurugenzi haukuwahi kufungika vizuri, alikuwa na maoni yake.

"Atumwe na nani? Mtu anayeuliza kama umekula ni mtu anayekutaka, kaka."

"Acha utani, dada."

"Wewe siku hiyo piga shati pasi tu."

Mbunifu alicheka, lakini maneno yalimwingia. Alikuwa na miaka thelathini na sita, akiishi peke yake chumba na jiko, na hakukumbuka mara ya mwisho kuzungumza na mtu jambo lisilohusu vitufe.

Aliandika mwaliko mara saba. Uliotoka ulikuwa mfupi: "Tungependa kukuona ana kwa ana. Alhamisi saa nne, ghorofa ya pili. Chai ipo."

"Nitakuja," Mkaguzi alijibu. "Fundi awepo."

Jumatano mbunifu alikwenda kwa kinyozi. Alhamisi alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikono ikasimama yenyewe, akajipulizia manukato, akaona amezidisha, akakimbilia msalani kujiosha shingo. Alikuwa bado ameinamia bomba katibu alipogonga.

"Kaka, mgeni wako kafika. Bosi kakuwahi, yuko naye chumba cha mikutano."

"Yukoje?"

Katibu alijifunika mdomo kwa faili.

Mbunifu alipita korido kwa hatua za mtu anayekimbia lakini hataki ijulikane. Alipofungua mlango wa chumba cha mikutano, alisimama palepale kizingitini, mkono ungali kwenye kitasa. Hakuna aliyemgeukia. Mkurugenzi alikuwa ameegemea meza, kalamu mkononi.

"Sitaki kukuzungusha, mama," alikuwa akisema. "Nani kakutuma?"

"Sikutumwa na mtu." Mgeni aliinua macho, akamtazama mbunifu kuanzia viatu mpaka shingo iliyolowa. "Huyo hapo nimemzaa mimi. Nikimpigia simu hapokei. Nikajaribu huku, akajibu siku hiyohiyo."