Mbwa Asiyebweka

Alfajiri, kabla sijawasha taa, nilisikia kucha zikikwaruza taratibu sakafu ya jikoni. Mbwa amebaki mmoja. Sheria huipa kila nyumba mbwa wawili wa mwisho wa aina zao. Utakayemchagua anabaki, mwenzake anachomwa sindano ya kifo, ukoo wake unaishia hapo.

Sisi tulipewa kadogo kasikobweka, na jitu la manyoya lililobweka hata birika likichemka.

"Mama Tumsifu, chukua huyo bubu," alisema mume wangu Ombeni. "Ghorofani hapa, majirani watatuloga!"

Nikamchukua bubu. Lile jitu lilinilamba mkono likiondoka.

Nilitumaini mwanetu, aliyeliona likichukuliwa, atazoea. Asubuhi hii Tumsifu alitoka chumbani akinyata, akasimama mbali nami.

"Mama, mimi sitapiga kelele tena."