Mkunje Angali Mbichi

Hapo kale, kale ya juzi tu, Mama Punda alimzaa Chapuo, na teke la mtoto huyo likamtia wazimu. Hata ziwa hajaacha, akamfikisha langoni kwa Kocha Nyani, mwenye akademia ya soka iliyosifika nchi nzima.

"Shoga, mngoje," jirani yake Ngamia alimsihi. "Kwetu mtoto habebeshwi mzigo magoti hayajakomaa."

"Samaki mkunje angali mbichi," akajibu Mama Punda, akamkabidhi mwanawe.

Msimu wa kwanza Chapuo alifunga mabao arobaini. Wa pili akarudishwa nyumbani miguu imepinda kama upinde, hasimami mpaka aegemee ukuta.

Mama Punda akarudi akademia, akamvaa Nyani. "Umemfanya nini mwanangu?"

"Nimemkunja, kama ulivyoagiza."

"Basi mkunjue!"

"Samaki akishakauka, mama, ukimkunjua anavunjika. Nipishe, wenzio wanangoja."

Mama Punda akageuka. Foleni ya wazazi ilizunguka uwanja, na mbele kabisa alisimama Ngamia na kitoto ambacho hata kitovu hakijakauka.

"Hata wewe, shoga?"

"Niliyaona yale mabao," akasema Ngamia, bila kumtazama usoni.