Shati la Mtu Mkweli

Cheni ya dhahabu ndiyo iliyotolewa kwanza, halafu pete ya kichwa cha simba, halafu miwani nyeusi. Baunsa akabaki na shingo lake tu, na hilo halivuliki.

"Dada, unanimaliza," alilalamika. "Bado ndevu tu."

"Ndevu zinafuata."

Walikuwa kwenye stoo ya mavazi ya idara ya filamu, katikati ya makoti ya askari na magauni ya maharusi. Mtunza stoo alikuwa ameuliza, "Ni ile filamu yako ya kumaliza chuo?" Dada akajibu ndiyo. Siku hizo alijibu ndiyo kwa kila kitu, hata akiulizwa chai au kahawa.

Mikono yake ndiyo iliyobaki na akili. Ilichagua shati la samawati, kubwa kidogo, ili mabega ya mdogo wake yapotee. Shati jipya linanuka uongo, kwa hiyo akaisugua kola kwa msasa mpaka ikachoka. Viatu akachukua vya zamani, vilivyopigwa rangi vikang'aa: mtu aliyelelewa huyo.

"Mtu akikuona akuamini kabla hujafungua mdomo," alisema. "Usipoaminika, nimekwisha."

Baunsa akajitazama kwenye kioo. "Nimekuwa kama mwalimu wa kwaya!"

"Umeshaona nani anabishana na mwalimu wa kwaya?"

Alicheka peke yake. Dada alikuwa anamfunga kifungo cha juu.

"Haya, maneno yako."

"Jioni ile dada'ngu hakutoka. Alikuwa jikoni, ananipikia. Funguo za gari zilikuwa mezani."

"Mikono!"

Akaitoa mifukoni, akarudia. Safari hii hata makoti yaliyotundikwa yangemwamini.

"Na nikikwama je?"

"Usikwame. Hakuna kurudia."

Asubuhi iliyofuata baunsa aliketi kwenye benchi la korido, magoti pamoja, mpole kama mtu aliyekuja kuomba kazi ya maktaba. Mama mmoja mwenye macho mekundu alitazama watu wote waliokaa pale, akamchagua yeye.

"Mwanangu, nishikie mkoba, nikanawe uso."

Aliporudi, alimshukuru kwa kumpapasa bega.

Mlango ukafunguliwa. Karani akasoma jina la marehemu aliyegongwa na gari. Yule mama akanyanyuka aliposikia jina la mwanawe, na dada akaongozwa kizimbani.