Mkwe wa Mama Gyuho

Mkwewe alikuwa ameshafika kisimani, amevaa deraya ya fedha, upanga begani, anamsubiri. Mama Gyuho akavuta kiti, akavaa miwani, akabonyeza kitufe cha kutembea. Kwenye skrini ya kompyuta, mpiganaji wa mwanawe akaondoka, akagonga ukuta, akarudi kinyumenyume, mwisho akafika mbele ya mwenzake.

"Umekula?" Maandishi yakatokea juu ya kichwa cha mkwe.

"Nimekula," akaandika. "Na wewe?"

Gyuho alikufa mwanzoni mwa vuli, lori lilipomgonga kwenye barabara kuu ya kwenda Daegu. Chumba chake hakikuguswa mpaka theluji ilipoanza kuyeyuka. Mama aliwasha kompyuta akitafuta picha za mwanawe. Badala yake mchezo ukafunguka, na ndani yake picha ya harusi. Wanaume wawili, maua kichwani, mkono kwa mkono. Zamani mchezo ule uliozesha mwanamume na mwanamke tu. Wachezaji wakalalamika, wakalalamika, hadi wenye mchezo wakachoka na kukubali. Basi humo ndani Gyuho alikuwa na mume, jina lake limeandikwa waziwazi: Inseop.

Jina hilo alikuwa analijua.

Mji mzima wa Andong unamjua Mama Gyuho kwa adabu. Ndiye anayewafundisha vijana kwenye kituo cha utamaduni namna ya kuinama, namna ya kupokea kikombe kwa mikono miwili, nani aanze kunyanyua kijiko mezani. Kwa hiyo siku ya msiba, kijana mmoja mwembamba, macho yamevimba, alipompigia magoti na kujitaja jina, hakubabaika.

"Mama, naomba nivae kitambaa cha wafiwa mkononi," kijana alisema. "Hata nikikaa nyuma ya mlango. Mimi na Gyuho…"

"Marafiki wa marehemu wana meza zao kule mwisho," alimkatiza kwa sauti laini. "Supu bado ya moto. Karibu ule, mwanangu."

Hakumtukana. Hakumfukuza. Baadaye wanawake wenzake walimsifu jinsi alivyojikaza bila kupandisha sauti. Kijana hakuigusa ile supu. Aliinama, akatafuta viatu vyake mlangoni, akaenda zake.

Siku ya kwanza alipoingia mchezoni kwa jina la mwanawe, Mama Gyuho alitegemea kulaaniwa. Nani avae sura ya maiti? Lakini yule mwenye deraya ya fedha alimjia mbio.

"Umekuja! Nilikuwa na wasiwasi."

Mama akaelewa, au alidhani ameelewa. Kijana anajua fika kwamba Gyuho hayupo. Picha ya marehemu yenye utepe mweusi aliiinamia mwenyewe. Ila ameamua kujidanganya, anataka mtu wa kumjibu tu. Na yeye, baada ya zile meza za kule mwisho, alikuwa na uso gani wa kumnyima?

Ikawa kila alasiri wanakutana kisimani. Inseop hakuwa na maneno mengi. Aliandika herufi moja moja kama anayechambua dagaa, na mara nyingi akitembea alitumbukia mtoni. Huzuni imemlegeza vidole, mama aliwaza. Siku za baridi Inseop alimuuliza kama amevaa soksi nzito. Mama alipomdanganya kwamba anakohoa, akaambiwa achemshe tangawizi, atie asali, na asitoke nje nywele zikiwa mbichi.

Kumbe mtoto ana malezi, alijisemea, na moyo ukamchoma.

"We Mama Gyuho," muuza tofu alimtania sokoni, "jua likiinama tu unakimbia. Umepata mchumba nini?"

"Niondokee hapa, na mvi zote hizi!"

Akacheka. Tangu vuli hakuwa amecheka. Ilibaki kidogo tu aseme: nina mkwe.

Kisha ikaja zamu ya kufundisha adabu za msibani. Vijana walikuwa wamekaa mikekani, wameshamaliza kujifunza kuinama, msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mchumba wa marehemu anakaa wapi?"

"Kama hawajaoana," alianza, "anakaa kwenye meza za…"

Akanywa maji, akapaliwa, akawaambia kipindi kimekwisha. Wakatazamana, kilikuwa hakijafika hata nusu.

Nyumbani hakuvua hata koti. Mkwe alikuwepo kisimani, amesimama palepale.

"Umekula?"

Aliandika huku machozi yakimpofusha, akafuta, akaandika tena:

"Siku ya msiba mama yangu alikukosea. Alijua wewe ni nani kwangu. Alijua ulipotaja jina tu, akakupeleka kwenye meza za wageni ili watu wasijue. Hukuwa mgeni. Nakuomba umsamehe."

Mama Gyuho akashika kingo za meza. Jibu likatokea juu ya kichwa cha mkwe:

"Msiba upi, mwanangu?"

Kisha herufi zikaanza kuja moja moja.

"Nisamehe wewe, siwezi tena kukudanganya. Mimi si Inseop, ni mama yake. Tulimzika kabla ya Mwaka Mpya. Tangu vuli alikataa kula, akakonda mbele ya macho yetu, na hakutuambia anamlilia nani. Nilipokuona humu nikakosa moyo wa kukupa habari. Naingia kila siku nikuangalie tu, maana kinachonisimamisha sasa ni kujua kwamba wewe, mume wake, bado uko hai."