Mkanda wa Cherehani

"Mji wenyewe si mkubwa wala si mdogo, Mama," mwanangu alisema. "Tukihamia kule, hospitali iko karibu na maji hayakatiki. Hasara ni moja tu, utawaacha wateja wako. Lakini hatujaamua. Tunataka kusikia neno lako."

Nilifurahi kuulizwa. Nikavuta kiti hadi kwenye cherehani, maana akili yangu hufikiri vizuri mikono ikiwa inashona.

Nikakanyaga pedali. Ikazama bila uzito wowote, na gurudumu halikuzunguka.

Nikapapasa chini ya meza. Mkanda wa ngozi haukuwepo. Sindano ilikuwa imeviringishwa kitambaa laini ili isivunjike. Hiyo ni kazi ya mke wa mwanangu, ana mikono yenye huruma. Lakini mkanda wa cherehani hautolewi ili watu wajadiliane. Hutolewa cherehani inapopakiwa kwenye gari.

"Gari linakuja lini?" nikauliza.

Mwanangu akatazama dirishani. Mkewe ndiye aliyejibu, machozi yakimlengalenga. "Kesho asubuhi, Mama. Nilimwambia akuambie mapema."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakavuma. Nilinyoosha mkono, nikauacha hapo hapo hewani, mpaka mwanangu akautoa mkanda mfukoni mwake.

Nikaurudisha mahali pake taratibu, nikakanyaga. Gurudumu likazunguka.

"Haya, baba, endelea," nikamwambia. "Ulikuwa umefika kwenye hasara."