Ncha Zikutane

Mgeni kutoka kampuni ya simu alitaka kuuona utando mpya wa plastiki ukikunjwa.

Mkemia aliubandua taratibu kwenye kioo. Ulikuwa angavu kama maji, bila ile rangi ya chai ya plastiki nyingine za aina hiyo, kwa sababu ya florini aliyoiunganisha humo. Tanuri la nyuzi mia tatu halikuufanya kitu.

Lakini jana alikuta kifuniko cha chupa ya myeyusho wa kutengenezea utando hakijakazwa. Unyevu ukiingia humo, utando hutoka ukipendeza machoni, kumbe ukikunjwa huvunjika kama kigae. Hakumwambia mtu, akaumimina myeyusho hivyo hivyo.

“Haya binti, kunja!” mkuu wa maabara alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. Kisha akamwinamia sikioni. “Nusu tu. Usifike mwisho.”

Mkemia akashtuka. Kumbe mzee naye alikiona kile kifuniko.

“Mpaka ncha zikutane, tafadhali,” mgeni alisema. “Simu zetu zitakunjwa hivyo kutwa nzima.”

Mkuu alikohoa.

Mkemia akazikutanisha ncha, akaweka kidole gumba juu ya mkunjo na, bila kumwondolea mkuu wake macho, akabana mpaka mwisho.