Aproni ya Bi Zamzam

Kiwanda cha sabuni kilipofungwa bila kulipa pensheni, Bi Zamzam alikwenda kuidai kwenye kinu cha unga cha tajiri yuleyule.

"Mama, hii ni kampuni nyingine," meneja alisema. "Na ile hatuna undugu nayo."

 Bi Zamzam alitoa aproni aliyovaa kiwandani miaka ishirini, akaigeuza ndani nje juu ya meza. Tajiri, kwa ubahili wake, aliwashonea wafanyakazi aproni za magunia ya unga. Jogoo mwekundu, nembo ya kinu, hakuwa amepauka hata kidogo.

Meneja alimtazama jogoo, akamtazama na mwenziwe aliyechorwa ukutani.

"Karibu kiti, mama."

Nje ya dirisha, wenzake Bi Zamzam wa kiwandani waliopanga foleni walianza kugeuza aproni zao, na ua wote ukajaa majogoo.